Kupunguza Uzito kwa Asiyeweza Kutembea Sana: Mwongozo kwa Kaya za Tanga

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye miguu yake haimtii kama zamani: aliyepatwa na kiharusi upande mmoja, mwenye magoti yaliyolika, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari au ajali, anayetumia magongo au kiti mwendo, na mzee ambaye safari yake ndefu ya siku ni kutoka chumbani hadi barazani. Umeandikwa pia kwa ajili ya yule anayempikia, na pengine zaidi kwa huyo, kwa sababu zitakazoonekana mbele.

Ushauri wa kupunguza mwili unaosikika mitaani, wa kukimbia alfajiri au kuruka kamba, haumhusu mtu wa namna hii, na wengi wakiusikia hukata tamaa wakidhani kwamba asiyeweza kukimbia hana njia. Njia ipo, na sehemu yake kubwa hupitia jikoni. Kutembea kwa haraka kwa nusu saa humtumisha mtu mzima wa wastani kiasi cha kilokalori 150, ilhali kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120 hivi, kwa hiyo aliyepunguza kijiko kimoja katika mlo wake amekaribia kuifanya kazi hiyo bila kuinuka kitini. Mazoezi yana nafasi yake, nayo si ndogo, lakini kwa mtu asiyetembea kazi yake ni kulinda misuli, viungo na moyo. Mzigo wa kupunguza uzito wenyewe ubebwe na chungu na sahani.

Hatua ya kwanza: anzia kliniki kabla ya jikoni

Watu wengi wenye shida ya kutembea wana dawa wanazotumia kila siku, na baadhi ya dawa hizo hazivumilii mtu kubadili chakula kimyakimya. Mwenye kisukari anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge kama glibenclamide, akipunguza wali na ugali ghafla bila kupunguziwa dozi anaweza kushukiwa na sukari: atatoka jasho jembamba, atatetemeka, moyo utamwenda mbio, na asipowahiwa atachanganyikiwa au kuzimia. Wa nyumbani wazijue dalili hizi, na wajue kwamba huduma ya kwanza, ikiwa mgonjwa bado anaweza kumeza, ni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze kula mboga za majani kwa wingi usio wa kawaida yake, kwa kuwa vitamini K iliyomo humo hupunguza nguvu ya dawa; ale kiasi kilekile siku zote, na amweleze daktari. Mwenye maradhi ya figo aulize kwanza kuhusu maharage, samaki na matunda, kwani baadhi ya ushauri utakaofuata haumfai.

Aliyepatwa na kiharusi na ambaye hupaliwa au hukohoa anapokunywa maji anahitaji kuangaliwa namna anavyomeza kabla ya kubadilishiwa chakula. Alishwe akiwa ameketi wima, wala asilazwe mara baada ya kula.

Katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, au katika kituo cha afya kilicho karibu, omba kupimwa shinikizo la damu na sukari, na uulizie mtaalamu wa fiziotherapia. Chukua dawa zako zote kwenye mfuko mmoja uende nazo, pamoja na zile za maumivu unazojinunulia dukani, kwa sababu diclofenac na wenzake zikitumiwa kila siku hupandisha presha na kuumiza tumbo na figo, na watu wa magoti huzitumia sana.

Hatua ya pili: jua uzito wako hata kama huwezi kusimama

Mizani ya bafuni au ile ya kijana wa barabarani inamtaka mtu asimame kwa miguu miwili bila kushika kitu. Anayetumia kiti mwendo anaweza kupimwa juu ya mizani pana ya jukwaa, kama ile wanayopimia magunia kwenye maghala ya nafaka: apandishwe pamoja na kiti, kisha kiti kipimwe peke yake na uzito wake utolewe. Mwenye ghala ukimwomba kwa adabu saa ambazo hana wateja, aghalabu hakatai. Jambo la kuzingatia ni kutumia mizani ileile kila mara, mara moja kwa mwezi, ukiwa umevaa nguo za uzito ulio sawa.

Aliyekatwa kiungo asijipime kwa majedwali ya uzito na urefu yaliyobandikwa ukutani kliniki, maana mguu mzima ni karibu asilimia 16 ya uzito wa mwili, na sehemu ya chini ya goti pamoja na unyayo ni karibu asilimia 6. Aliyepooza naye majedwali hayo humdanganya kwa njia nyingine: misuli ya miguu imekwisha, kwa hiyo namba yaweza kuonekana nzuri wakati tumbo limejaa mafuta. Hao wote utepe wa fundi cherehani utawafaa zaidi. Lala chali, zungusha utepe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kwa utulivu, kisha soma. Hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huanza kupanda kiuno kinapozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na huwa kubwa zaidi kinapozidi 88 na 102.

Lengo lisiwe kurudia mwili wa ujanani. Kupungua kwa asilimia 5 tu ya uzito, yaani kilo nne na nusu kwa mtu mwenye kilo 90, kunatosha kuanza kushusha presha na sukari, na kwa mwenye magoti faida huonekana mapema: kila kilo moja inayotoka mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua anayopiga. Kilo moja hadi mbili kwa mwezi ni mwendo mzuri. Anayeahidiwa kilo kumi kwa mwezi kwa chai ya kupunguza mwili ajue kwamba nyingi kati ya chai hizo zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, na mtu asiyeweza kukimbilia choo ndiye wa mwisho anayepaswa kuinywa.

Hatua ya tatu: kaa kitako na anayekupikia

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika, na si kwa ubaya wa mtu yeyote. Mtu mwenye ulemavu wa miguu mara nyingi hapiki, haendi sokoni, wala hajipakulii. Uzito wake uko mikononi mwa mke, binti, mkwe au mjukuu, nao humpakulia kwa kipimo cha mapenzi. Mgonjwa huongezewa mnofu, huletewa maandazi ya moto, hununuliwa soda ya kumchangamsha, na sahani ikirudi na chakula nyumba nzima huingiwa na wasiwasi. "Bibi, mbona hukula? Nikuongeze mchuzi kidogo?" Bibi asiyependa kumvunja moyo mjukuu wake hujibu, "Tia kidogo, mwanangu," na kidogo hicho ni upawa mzima wenye mafuta yaliyoelea juu.

Kwa hiyo kabla ya kubadili chochote, mkutano wa nyumbani ufanyike, na mwenye mwili ndiye aongee. Aseme wazi kwamba ameshauriwa kupunguza uzito ili aweze kujihamisha mwenyewe kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, na ili wanaomnyanyua wasiendelee kuumia viuno. Sababu hiyo ya pili husikilizwa haraka kuliko ya kwanza. Kisha wakubaliane mambo mawili tu kwa kuanzia: nani atapakua, na kwamba baada ya kupakua haongezi mpaka aombwe. Asipikiwe chungu chake pembeni, kwa sababu chakula cha peke yake humfanya mtu ajione mgonjwa zaidi na humchosha mpishi ndani ya wiki mbili. Chakula kinachofaa hapa kinafaa nyumba nzima, isipokuwa kwamba watoto na wanaofanya kazi za nguvu watapakuliwa wali mwingi zaidi.

Hatua ya nne: pima mafuta, panga nazi

Mafuta ya kula hununuliwa kwa dumu na hutiwa kwa jicho, na jicho lina ukarimu. Jaribu hivi: mwanzoni mwa wiki, toa mafuta kwenye dumu ujaze chupa moja ya lita moja kwa kaya ya watu watano, kisha dumu lifichwe. Chupa hiyo ni sawa na vijiko viwili vya chakula kwa kila mtu kwa siku, ambavyo vinatosha kabisa kwa kukaanga vitunguu na kuunga mboga. Ikiisha Alhamisi, kaya imejua ilikuwa inakula kiasi gani, na hakuna haja ya mahubiri. Wakati wa kuunga, tia mafuta kwa kijiko. Kitunguu kikianza kushika chini ya sufuria, nyunyizia maji kidogo badala ya kuongeza mafuta, funika kwa dakika mbili, kisha endelea.

Nazi inahitaji maneno zaidi. Sitamwambia mtu wa Tanga aache nazi, maana hatanisikia, na pengine nami nisingemsikia anayeniambia hivyo. Lakini ukweli wa nazi tuujue: nyama ya nazi moja ya wastani, yenye uzito wa gramu 400 hivi, hubeba zaidi ya gramu 120 za mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya aina inayoongeza lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu. Si yote yanayokamuliwa. Mengine hubaki kwenye chicha, yaani nazi iliyokwisha kukamuliwa. Tui la kwanza, lile zito linaloshika kidole, ndilo lililobeba mengi. Tui la pili na la tatu yana ladha na harufu bado, ila mafuta yake ni machache.

Shida ya meza zetu ni kwamba nazi huingia katika kila chungu kwa mlo mmoja. Wali umepikwa kwa nazi, samaki amepakwa, mbaazi zimetiwa tui, na mchicha nao haukuachwa. Kanuni ninayoipendekeza ni rahisi kukumbuka: chungu kimoja cha nazi kwa mlo. Wali ukiwa wa nazi, samaki awe chukuchuku ya ndimu na pilipili au wa kuchoma, na mboga iungwe kwa nyanya na kitunguu. Siku ya samaki wa kupaka, wali uwe mweupe au liwe bada la muhogo kwa kiasi. Mbaazi na maharage yachemshwe hadi yaive vizuri na kuanza kujivuruga yenyewe, halafu yamaliziwe kwa tui la pili. Uzito wa mchuzi utatoka kwenye kunde zenyewe. Nusu nazi kwa sufuria ya kaya, badala ya nazi mbili, ni kipimo ambacho ulimi hukizoea haraka kuliko unavyotarajiwa.

Chumvi ipungue pia, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku kwa jumla, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, na ndani ya hesabu hiyo ihesabiwe ile iliyomo kwenye ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, na kwenye vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi. Ng'onda alowekwe usiku na maji yamwagwe kabla ya kupikwa.

Hatua ya tano: vinywaji na chai ya asubuhi

Kijiko cha chai cha sukari ni gramu nne hivi. Mtu anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu, amekunywa karibu gramu 48 kabla hajagusa kitafunwa, wakati Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na linasema ingefaa zaidi ishuke hadi nusu yake. Asiyetembea nishati anayohitaji ni ndogo kuliko ya huyo mtu mzima wa wastani, kwa hiyo gramu 25 ndizo alenge. Punguza nusu kijiko kila wiki, na ujaze pengo kwa tangawizi, hiliki, mdalasini au mchaichai. Kahawa chungu ya barazani haina neno. Kashata inayofuatana nayo ndiyo ya kuhesabiwa.

Soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Juisi nayo si ya kutegemewa, hata ile ya nyumbani, kwa kuwa glasi moja hunyonya machungwa manne na kuacha nyuzinyuzi kwenye chujio. Machungwa ya Muheza yaliwe kwa kumenywa, moja au mawili, pamoja na ngozi yake nyeupe ya ndani. Dafu ni jepesi kuliko soda na linaruhusiwa mara mojamoja, lakini mwenye figo mbovu aulize kwanza kwa sababu ya potasiamu. Asali na tende, kwa baraka zake zote, mwili huzihesabu kama sukari.

Uji wa lishe unastahili onyo lake. Unga huo wenye karanga, soya na nafaka tano ulikusudiwa kwa ajili ya watoto na watu waliokonda, lakini siku hizi kila anayeitwa mgonjwa hupelekewa kikombe kikubwa asubuhi na jioni, pamoja na sukari na blubandi. Mwenye uzito uliozidi haumfai, isipokuwa daktari ameuagiza.

Kitafunwa cha asubuhi ndicho kigumu kuliko vyote, kwa kuwa vitumbua na mahamri hupita mlangoni vikiwa vya moto na muuzaji anakujua kwa jina. Viache viwe vya siku mbili kwa wiki zilizotajwa, tuseme Ijumaa na Jumapili. Siku nyingine ziwe za kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, kipande cha ukubwa wa ngumi yako, pamoja na yai la kuchemsha au bakuli dogo la mbaazi zisizo na tui zito. Asiyezoea atasema hakushiba. Yai na mbaazi vitamfikisha saa saba mchana bila kutafuta karanga.

Hatua ya sita: sahani, sinia na kushiba

Sahani iliyopangwa vizuri ina nusu ya mboga, robo ya kitoweo na robo ya wanga. Mboga ni mchicha, matembele, kisamvu, mchunga, bamia, biringanya, majani ya kunde na kachumbari. Soko la Mgandini halikosi hata moja kwa muda mrefu, na kabichi na karoti za Lushoto husaidia pale majani yanapopanda bei wakati wa jua. Wanga ni ujazo wa ngumi moja: wali, ugali, ndizi, viazi, vyote kwa jumla, maana mtu hula wali na kiazi kwenye mchuzi na chapati pembeni akidhani kiazi ni mboga.

Kitoweo kisipunguzwe, na hili wengi hulikosea. Mtu asiyetembea hupoteza misuli kwa haraka, na akipunguza chakula bila kulinda protini atapungua uzito kwa kupoteza nguvu za kujinyanyua, jambo litakalomwacha dhaifu kuliko alivyoanza. Anayekaa kwenye kiti mwendo anaihitaji protini pia kwa ajili ya ngozi, kwani vidonda vya mgandamizo haviponi bila hiyo. Bahati yetu ni bahari. Gramu 100 za samaki wa kawaida zina karibu gramu 20 za protini na mafuta kidogo, na kwenye soko la samaki la Deep Sea asubuhi kuna vibua na dagaa kwa mfuko wa kila mtu, changu na tasi kwa anayeweza. Samaki wa kukaanga tayari wa jioni amenyonya mafuta yaliyotumika siku nzima, nunua mbichi. Kila mlo uwe na kitu kimoja kati ya samaki, yai, maziwa, kuku bila ngozi, maharage, kunde au choroko.

Sasa sinia. Kaya nyingi bado hula pamoja, na ni jambo jema, lakini kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani, na wali ukipungua upande mmoja hukatiwa kutoka upande mwingine. Huna haja ya kujitenga. Mpishi akupakulie mboga na kitoweo chako kwenye bakuli la mbele yako, na upande wako wa sinia uwekewe wali uliopimwa kwa kikombe kimoja cha chai, uliotenganishwa kwa safu ya kachumbari. Anza na mboga, kisha samaki, wali uwe wa mwisho kuguswa. Kula kwa kutafuna na kuzungumza, kwa kuwa tumbo huchukua kama dakika 20 kuupelekea ubongo habari ya kushiba, na anayekula haraka huwa ameshapita mpaka.

Ongeza mboga na kunde polepole pamoja na maji ya kutosha, kwa kuwa tumbo la mtu anayekaa muda mrefu ni jepesi kufunga choo. Watu wengi wasioweza kwenda chooni peke yao hujinyima maji ili wasisumbue. Hilo lizungumzwe nyumbani waziwazi, na kama ni ndoo au kopo la mkojo linahitajika chumbani, liwekwe.

Mtu asishuke chini ya kilokalori 1,200 kwa siku bila usimamizi wa mtaalamu. Kwa lugha ya jikoni, usiruke milo kutwa ukategemea chai na mkate.

Hatua ya saba: mazoezi ya kitini, na ya majini

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 ulijumuisha watu wenye ulemavu kwa mara ya kwanza, na lengo lao ni lilelile la wengine: dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na kuimarisha misuli angalau siku mbili, kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja. Asiyefika huko asidharau dakika tano. Anza na tano asubuhi na tano jioni, kisha ongeza dakika mbili kila wiki.

Chagua kiti kigumu kisicho na magurudumu, kikiegemezwa ukutani, au funga breki za kiti mwendo. Kaa mbele kidogo, mgongo wima, nyayo zikigusa chini. Anza kwa kuinua goti moja baada ya jingine kana kwamba unapanda ngazi. Kisha nyoosha mguu mmoja mbele hadi uwe sawa, ubane paja kwa sekunde tano, uushushe taratibu; rudia mara kumi kila upande, kwani paja lenye nguvu ndilo linalolipunguzia goti maumivu. Kwa mikono, chukua chupa mbili za maji za nusu lita, uziinue hadi mabegani na kuzishusha mara kumi, pumzika, rudia. Anayeweza kusimama kwa kushikilia meza ajaribu kuinuka kitini na kuketi tena polepole mara tano. Zoezi hili moja lina manufaa kuliko mengi yanayoonekana ya kisasa, kwa kuwa ndilo linalomwezesha mtu kujiinua chooni.

Tanga ni mji wa baiskeli, na fundi yeyote ana tyubu kuukuu. Kata kipande cha urefu wa mita moja na nusu, kioshe, ukizungushe kwenye nguzo imara ya baraza, kisha uvute ncha zote mbili kuelekea mbavuni huku ukikutanisha mabega nyuma. Wanaosukuma kiti mwendo hutumia sana misuli ya mbele ya bega, na mvuto huu wa nyuma huwakinga na maumivu ya bega, ambayo kwao ni sawa na mwingine kuvunjika mguu. Wale waliopooza upande mmoja wautumie mkono mzima kuuinua ule mwingine, wakifumbata vidole.

Anayeketi kutwa ajinyanyue kwa mikono au ajiegemeze upande mmoja kisha mwingine kila baada ya dakika 15 hadi 30, ili damu ipite kwenye makalio. Na aliyeumia uti wa mgongo kuanzia kifua cha juu au shingoni, kichwa kikimuuma ghafla kwa nguvu na uso kutoka jasho, asimamishe zoezi, abaki ameketi wima, iangaliwe kama mpira wa mkojo umejikunja, na atafutiwe msaada mara moja.

Bahari ni zawadi kwa wenye magoti. Maji yakifika kiunoni huubeba karibu nusu ya uzito wako, na yakifika kifuani miguu hubakiwa na theluthi moja hivi, kwa hiyo asiyeweza kutembea hatua ishirini barazani anaweza kutembea majini kwa robo saa. Ufukwe wa upande wa Raskazone unafaa, lakini nenda maji yakiwa yamejaa au yanakaribia kujaa, maana yakitoka, hasa siku za bamvu, yanapojaa na kutoka sana, utalazimika kuyafuata mbali kwenye mchanga na matope, na kurudi kutakushinda. Nenda na watu wawili wenye nguvu, vaa makubadhi yanayofungwa, na kama una kisukari na nyayo zilizokufa ganzi usikanyage chini peku hata hatua moja. Mwenye kidonda kibichi au kifafa asiingie.

Hatua ya nane: shughuli, na mwezi wa Ramadhani

Pilau la harusi halikataliwi. Waambie wa nyumbani wakupakulie sahani mapema badala ya kukaa kwenye sinia la shughuli, ule nyama na kachumbari kwanza, na soda ubadilishe kwa maji. Mlo mmoja haumnenepeshi mtu. Vinavyomnenepesha ni vile vifurushi vya pilau vinavyoletwa nyumbani na ndugu watatu tofauti kwa sababu hukuweza kufika.

Ramadhani mwenye kisukari aonane na daktari wiki kadhaa kabla, kwa kuwa dozi na saa za dawa hubadilika, na baadhi ya wagonjwa hushauriwa wasifunge kabisa. Anayefunga afuturu kwa maji, tende moja na supu, kisha achague kimoja kati ya mihogo, ndizi na viazi vya nazi, wala si vyote vitatu pamoja na kachori na sambusa. Daku lisiachwe, mayai na mbaazi ndivyo vitakavyomfikisha Magharibi.

Hatua ya tisa: kufuatilia na kurekebisha

Andika kwenye daftari uzito, kiuno, na jambo moja unaloweza kulifanya sasa ambalo hukuliweza mwezi uliopita, kama vile kuvaa viatu au kugeuka kitandani. Uzito ukisimama kwa wiki tatu au nne, rudi kwenye chupa ya mafuta na kwenye kikombe cha wali, kwa sababu vipimo hupanda vyenyewe bila mtu kukusudia. Ukipanda kwa kilo mbili ndani ya siku chache pamoja na miguu kuvimba na pumzi kubana, huo si unene. Ni maji, na yaweza kuwa moyo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa kigimbi cha mguu mmoja kinachovimba na kuuma, kwani damu huganda kwa wasiotembea. Na ukipungua kwa kasi bila kuwa umebadili chakula, usifurahi kabla hujapimwa.

Baada ya kilo tano au sita kutoka, rudi kliniki hata kama hujisikii vibaya. Dawa za presha na kisukari huenda zikahitaji kupunguzwa. Mwenye mguu wa bandia atakuta kikombe chake, pale kigutu kinapoingia, kimelegea na kinachubua, nacho kirekebishwe kabla kidonda hakijatokea. Kuongeza soksi kunasaidia kwa siku chache tu. Na anayetumia kiti mwendo apitishe kiganja pembeni ya nyonga: kikiingia kikiwa kimelala bapa kuna nafasi ya kutosha, lakini ngumi nzima ikipita kiti kimekuwa kipana, kinampindisha mgongo, na mto wake unahitaji kubadilishwa.